Watoto Wajenge Nyumba za Wanyama

Pengine mtoto wako amewahi kurudi kutoka shuleni akakuomba mabua ya mtama, manyoya ya kuku na kopo la majivu. Ukamwuliza, "Vya nini?" Akajibu, "Mwalimu ametuambia tutengeneze nyumba ya mnyama." Labda ulikasirika. Labda ulisema, "Nimekupeleka shule ukasome, siyo ukachezee udongo."

Wazazi wengi husema hivyo, wala si ajabu. Mzazi wa kijijini hununua sare, daftari na kalamu kwa jasho la alizeti na vitunguu. Anataka kuona mtoto wake anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Hoja ya mzazi huyo ni ya haki. Inastahili kujibiwa, siyo kudharauliwa.

Mimi naona kwamba kazi hii ya udongo na mabua ni somo kamili. Lakini naona pia kwamba haiwezi kuwa somo zuri bila wewe. Hebu tulitazame jambo hili pamoja.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Watoto hugawanywa katika makundi. Kila kundi huchagua mnyama mmoja, au ndege, au mdudu. Kisha hutengeneza mfano wa mahali anapoishi. Chini huweka kipande cha boksi au ubao wa zamani. Juu yake huchora kwa mkaa, hupaka rangi, hubandika mchanga na majani makavu, na kusimamisha vijiti kuwa miti. Mnyama mwenyewe hufinyangwa kwa udongo.

Kazi hii huchanganya uchoraji, ufinyanzi na ubandikaji. Kila kitu kinapatikana kijijini. Rangi nyekundu ni udongo mwekundu uliopondwa. Nyeusi ni mkaa. Nyeupe ni majivu au chokaa. Gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, au utomvu wa mgunga uliolowekwa majini usiku kucha. Nyasi ni maganda ya alizeti na mabua yaliyopasuliwa. Manyoya ni ya kuku. Karatasi ni ya mfuko wa saruji.

Hapa kuna sanaa. Je, kuna elimu? Tutazame mifano miwili ya hapa hapa mkoani kwetu Singida.

HEROE WA ZIWA SINGIDANI

Mjini Singida kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Maji yake yana magadi. Huko huja ndege wa miguu mirefu, mwenye rangi nyeupe iliyochanganyika na nyekundu iliyofifia. Jina lake ni heroe. Wengine humwita flamingo.

Tuseme kundi la watoto limemchagua heroe mdogo. Kwanza wanatakiwa kujua kimo chake. Akisimama ana kama sentimita 90. Mwalimu akisema mfano uwe mdogo mara kumi, watoto watafinyanga ndege wa sentimita 9. Kundi la jirani limemchagua twiga. Twiga dume hufikia mita 5 na zaidi. Kwa kipimo hicho hicho, twiga wao atakuwa na sentimita 50. Bila shaka umeona kwamba hizo ni hesabu. Mtoto akikosea kugawanya, heroe wake atampita twiga, na darasa zima litacheka. Hatasahau tena.

Pili, wanatakiwa kujua heroe anakula nini. Heroe mdogo huinamisha kichwa hadi mdomo wake ukawa juu chini ndani ya maji. Huyachuja maji kwa mdomo huo, akabaki na viumbe vidogo sana vya kijani vinavyoota katika maji ya magadi. Rangi ya manyoya yake hutokana na chakula hicho. Basi watoto watalipaka ziwa lao rangi ya kijani, na watajua sababu.

Tatu, watauliza kiota kiko wapi. Hapa ndipo wengi hukwama. Watatafuta kiota kando ya Singidani wasikione. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote huzaliwa katika ziwa Natron, mkoa wa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya. Huko hujenga viota vya matope vilivyoinuka kama vichuguu vidogo. Jike hutaga yai moja tu.

Kwa hiyo kundi hili haliwezi kumaliza kazi kwa ubao mmoja. Linahitaji ubao wa ziwa la chakula na ubao wa ziwa la kuzalia. Mtoto aliyetengeneza mbao hizo mbili ameelewa jambo kubwa. Ziwa Natron likiharibiwa, Singidani itakosa ndege wake. Na sisi tukitupa taka Singidani, au tukilima hadi ukingoni na udongo ukasombwa na mvua kuingia ziwani, tutakuwa tumemnyima chakula ndege aliyezaliwa mbali.

Mtoto angeweza kuambiwa maneno hayo kwa mdomo. Angeyaandika katika daftari na kuyasahau baada ya mtihani. Lakini aliyeijenga nyumba kwa mikono yake ameuliza mwenyewe, akatafuta mwenyewe, akapata jibu.

KICHUGUU KIMOJA, WAPANGAJI WENGI

Si lazima kwenda ziwani. Tazama kichuguu kilicho kando ya shamba lako.

Mchwa hukijenga kwa udongo na mate yao. Usiku huja muhanga. Huyu ana kucha ngumu, masikio marefu na ulimi wa kunata. Huchimba, hula mchwa, kisha huenda zake. Shimo aliloliacha halikai bure. Ngiri huingia humo kulala. Nungunungu naye hujificha humo mchana. Nguchiro huishi katika matundu ya kichuguu kikuukuu. Kenge hutaga mayai yake ndani ya kichuguu, nayo hupata joto humo hadi yaanguliwe.

Watoto wakikitengeneza kichuguu hiki kwa udongo, wakikata upande mmoja ili ndani kuonekane, watawaweka wapangaji wote hao mahali pao. Wataona kwamba muhanga akiuawa kwa mitego hadi aishe, ngiri atakosa mahali pa kulala. Nasi binadamu tumo katika picha hiyo. Huchimba udongo wa kichuguu kwa matofali na kwa sakafu. Sisemi tuache kufyatua matofali. Nasema mtoto ajue anachokibomoa kabla ya kupiga jembe.

"LAKINI WANYAMA HAO WANATUUMIZA"

Najua utasema hivyo, ndugu msomaji. Vijiji vilivyo karibu na mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi, upande wa Manyoni, vinajua uchungu wa tembo shambani. Tembo wachache wanaweza kumaliza kwa usiku mmoja chakula cha familia cha mwaka mzima. Fisi huchukua mbuzi. Kwelea kwelea hushuka juu ya mtama na uwele kama wingu. Mtu aliyelala njaa kwa sababu hiyo atauliza, "Kwa nini watoto wetu wawajengee nyumba maadui zetu?"

Jibu langu ni hili. Adui usiyejua anakoishi huwezi kujikinga naye.

Chukua kwelea kwelea. Hujenga viota maelfu kwa maelfu katika vichaka vya migunga yenye miiba. Mtoto aliyetengeneza mfano wa makazi ya kwelea atavitambua viota hivyo akiwa machungani. Ataripoti mapema, kabla makinda hayajaruka. Mwenyekiti wa kijiji atapeleka habari kwa afisa ugani wakati bado kuna nafasi ya kufanya kitu. Bila hivyo, kijiji hugundua ndege wakiwa tayari juu ya mashuke.

Chukua tembo. Mwaka 2007 watafiti nchini Kenya walitangaza kwamba tembo hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliokasirika. Kutokana na elimu hiyo wakulima walianza kuzungushia mashamba uzio wa mizinga. Mizinga hutundikwa kwenye nguzo na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Njia hii imetumika Kenya na hapa Tanzania pia. Haifai kila mahali, maana nyuki nao wanataka maji na maua, na mizinga mitupu haimzuii tembo. Lakini wakulima waliofanikiwa wamelinda shamba na kuvuna asali. Sisi wa Singida tunaijua sana kazi ya nyuki. Elimu ya namna hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa watu waliouliza tembo anaogopa nini na anapita wapi. Ndiyo maswali hayo hayo ambayo mtoto huuliza anapofinyanga tembo na kumtafutia njia juu ya ubao.

Tena kuna jambo la haki. Mara nyingi mnyama huingia shambani kwa sababu njia yake ya maji imefungwa, au kichaka chake kimekatwa kwa mkaa. Mtoto akijenga mfano wa makazi ya mnyama, kisha mwalimu akamwambia, "Sasa ondoa miti yote," ataona kwa macho kitakachobaki. Kitabaki mnyama mwenye njaa na shamba lililo mbele yake.

MZAZI NDIYE KITABU

Sasa nakuja kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote. Mwalimu huenda ametoka mkoa mwingine. Amesoma sana, lakini hajui muhanga wa kijiji chenu anachimba wapi. Vitabu vya shule navyo ni vichache, tena vingi huonyesha simba na pundamilia tu. Nani basi ana elimu hiyo?

Wewe unayo.

Mama mfinyanzi anajua ni udongo gani haupasuki. Anajua kwamba udongo huchanganywa na mchanga, au na vigae vilivyosagwa, na kwamba chungu hukaushwa kivulini kwanza, si juani. Mtoto asiyejua hayo atafinyanga tembo leo, na kesho atakuta masikio yameanguka. Mrina asali anajua miti ambayo nyuki huipenda. Anamjua ndege segu, yule anayewaongoza watu kwenye mzinga ili apate nta na majana yaliyobaki. Wahadzabe wanaoishi upande wa ziwa Eyasi, na baadhi yao wamo wilayani Mkalama, humpigia ndege huyo mluzi wakafuatana naye. Mchungaji anajua pimbi wanaota jua kwenye jiwe gani asubuhi. Bibi anajua wanyama waliokuwapo alipokuwa msichana, ambao leo hawaonekani.

Elimu hii haijaandikwa. Mzee akifa, huenda nayo. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kwa nini usiiandike?

Napendekeza hivi. Darasa la kisomo na shule ya msingi wafanye kazi moja. Watoto wajenge nyumba za wanyama. Wanakisomo waandike kikaratasi cha kuwekwa kando ya kila mfano. Waandike jina la mnyama kwa Kiswahili, na chini yake jina lake kwa lugha ya nyumbani, Kinyaturu, Kinyiramba, Kinyisanzu, Kigogo au lugha nyingine. Waandike anakula nini, anazaa lini, na alionekana wapi mara ya mwisho. Sentensi tano zinatosha. Siku ya mkutano wa kijiji kazi hizo ziwekwe mezani, watu wote wasome. Mwanakisomo ataandika kitu ambacho jirani zake wanataka kukisoma. Hilo ni zoezi bora kuliko kunakili sentensi za ubaoni.

MAMBO YA KUKATAA

Kukubali kazi hii si kukubali kila kitu. Yapo mambo ambayo mzazi ana haki ya kuyakataa.

Kwanza, kataa gharama. Mtoto akitumwa kununua rangi za dukani, gundi ya chupa na karatasi za manila, nenda shuleni ukazungumze na mwalimu kwa heshima. Somo hili ni la vitu vilivyopo. Mtoto wa maskini asidharauliwe kwa kuwa ziwa lake limepakwa majivu.

Pili, kataa uharibifu. Itakuwa aibu kubomoa kiota cha mnana ili kutengeneza picha ya kiota. Majani yawe yaliyoanguka. Vijiti viwe vikavu. Mayai na makinda yasiguswe. Mnyama hai asifungwe darasani.

Tatu, kataa nyara. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumiliki nyara bila kibali. Ngozi, pembe, meno na magamba ya wanyamapori ni nyara. Mtoto asiokote vitu hivyo kupambia kazi yake, hata akivikuta njiani. Manyoya ya kuku na ngozi ya mbuzi yanatosha.

Nne, kataa hatari. Watoto wasipindue mawe wala kuingiza mikono katika mashimo kutafuta wanyama. Nyoka naye ana nyumba yake. Wasitumie unga mweusi wa betri kuwa rangi. Ni sumu. Mkaa upo.

Tano, kataa kazi ya kunakili. Mwalimu akichora tembo mmoja ubaoni na watoto wote 60 wakamfinyanga yule yule, hakuna aliyejifunza makazi ya mnyama. Wamejifunza kutii tu.

SI JAMBO GENI KWETU

Wengine hudhani sanaa hii imeletwa na wageni. Sivyo. Watoto wachungaji wamefinyanga ng'ombe wa udongo na kuwajengea maboma ya vijiti tangu zamani. Jirani zetu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wana mawe yaliyochorwa twiga, tembo na pofu kwa rangi nyekundu. Waliochora waliishi huko maelfu ya miaka iliyopita, na mwaka 2006 michoro hiyo iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Rangi yao hawakuinunua dukani. Waliitoa katika ardhi.

Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, hakusoma chuo cha sanaa. Alianza kuchora wanyama Dar es Salaam karibu na mwaka 1968. Alitumia rangi ya baiskeli na vipande vya mbao laini za ujenzi. Alifariki mwaka 1972, lakini jina lake linajulikana duniani kote, na wachoraji wengi wamepata riziki kwa mtindo wake.

Mashuleni nako kuna mwanzo mzuri. Klabu za Malihai, za vijana wanaojifunza habari za wanyamapori, zilianzishwa nchini mwaka 1980. Na mtaala mpya wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Kwa hiyo mwalimu anayetoa kazi hii hachezi. Anafanya kazi yake.

Ndugu msomaji, mtoto akikuomba mabua na majivu, mpe. Kisha mwulize maswali matatu. Mnyama huyu anakula nini? Anakunywa wapi? Anamwogopa nani? Akishindwa kujibu, na wewe unajua, mweleze. Kama hata wewe hujui, mwendeni pamoja kwa mtu anayejua, nawe uende na kalamu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini kundi la heroe lilihitaji mbao mbili?

2. Taja wanyama wanne wanaotumia kichuguu. Je, katika kijiji chenu wapo wote?

3. Mwandishi anasema adui usiyejua anakoishi huwezi kujikinga naye. Unakubali? Toa sababu.

4. Ni mnyama gani alikuwapo kijijini kwenu zamani na sasa haonekani? Waulizeni wazee, kisha andikeni sentensi tano juu yake.